Hadithi ya Mama Niliyoitarjumu kwa Husuda

Aliyeiharibu hadithi ya marehemu mama yetu ni mimi. Mwalimu wa Kiskoti hana kosa lolote, ingawa jamaa zetu huku Oman, wa Nizwa mpaka Ibra, wamekwisha kumhukumu. Ni mimi, mtumishi wa serikali mstaafu, niliyesifiwa umri wangu wote kwa kuweka kumbukumbu sawa. Nayaandika haya mwanzo, asije mtu akasema nilijificha nyuma ya maelezo.

Jina langu nalisitiri. La dada yangu nimelibadilisha. Hapa nitamwita Bi Zuwena. Atajitambua. Ukurasa huu wa gazeti huusoma kila unapotoka, tena kwa sauti.

Nisikilize basi, ndugu msomaji, kama tuliokaa wawili.

Joto lilipovunjika na tende zilipokwisha kuvunwa, iliwekwa kambi ya uandishi katika mashamba ya Birkat al Mauz. Mwalimu wake ni mwanamama wa visiwa vya Uskoti, wa kaumu ya Wagaeli, watu wenye lugha yao kongwe na hadithi zisizokwisha. Alitusimulia habari za mwanamke wa baharini aliyefichiwa ngozi yake na mumewe ili asirudi majini, na za viumbe waishio chini ya vilima. Asubuhi tulifuata mfereji wa falaji baina ya migomba na mitende, tukisikiliza maji bila kusema neno, kisha kila mtu akaketi akaandika lake. Kwao, alisema, huu ndio wakati wa majani kuanguka. Kwetu hakikuanguka kitu, lakini kivuli kilikuwa kimeanza kupoa.

Mimi ndiye niliyejiandikisha. Dada alikuja kunifuata tu, kwa kuwa nimefiwa na mke na yeye haamini kwamba najua kujipikia. Kiingereza hajui. Mwalimu akaniomba niwe mtarjumani wa dada, nami nikakubali kwa kujivuna. Laiti ningekataa!

Siku ya kwanza nilisoma kazi yangu, kurasa kadhaa juu ya utumishi wangu, zimepangwa kwa vichwa vya habari. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Imepangwa vizuri sana." Basi. Hakuongeza.

Dada akaniinamia sikioni. "Bwana mkubwa, umewasomea muhtasari wa kikao. Mie nilikuwa nangoja uitishe chai."

Nilicheka. Moyoni sikucheka.

Kisha mwalimu akamwomba yeye asimulie. Dada akashika mashavu. "Hadithi mchana huu? Niote mkia uzeeni? Mwambie angoje jua litue!"

Nikatarjumu. Mwalimu alipiga makofi kama mtoto. Akasema hata wazee wa visiwani kwao hawakusimulia mchana; walingoja giza, na walingoja baridi ianze.

"Wallahi hawa ni wenzetu," dada akasema. "Tumepotezana tu."

Tangu hapo wakawa wanatembea pamoja kando ya falaji wameshikana mikono, hawaelewani hata neno, na mimi nyuma yao kama karani aliyebeba faili. Ndipo iliponianza, ile husuda. Aibu iliyoje, mtu wa umri wangu!

Baada ya sala ya magharibi tukakusanyika. Dada akaanza, "Paukwa!" Nikawafundisha wageni kuitika, "Pakawa!" Na hadithi aliyoitoa ilikuwa ile aliyosimuliwa na mama. Sikuwahi kuisikia.

Hapa sina budi nieleze jambo. Tulipoondoka Unguja hatukuondoka pamoja. Mama alitangulia na dada. Mimi, mdogo, nikaachwa kwa ami mpaka njia ipatikane. Ilichukua miaka. Nilipofika Oman nilimkuta mama amechoka, mtu wa kazi na kimya. Mama wa hadithi, dada ndiye aliyempata. Mimi nilipata aliyebaki.

Hadithi yenyewe ni hii. Binti alikwenda kisimani kumtafutia maji mama yake mgonjwa. Jini la kisima likamwambia: chota, lakini niachie sauti yako. Akaacha. Mama akapona, binti akawa bubu. Mama asijue sababu, ila alihisi kisima kina habari. Akawa kila alfajiri huenda, huinama, huliita jina la mwanawe ndani ya maji. Watu walimcheka. Hakuacha. Siku moja kisima kikaitika, "Labeka, mama," kwa sauti ya binti. Mama akayateka yale maji kwa kibuyu, akayachukua nyumbani, binti akanywa, akasema.

Dada alisimulia kwa mikono, kwa macho, kwa kunyamaza. Hata wasiojua lugha walimsogelea. Mimi nilitarjumu kipande kwa kipande, kwa uaminifu, mpaka pale mama alipokuwa akienda kisimani kila alfajiri.  Nikawaza: kwangu mbona hakuja?

Nikafungua kinywa, nikasema kwa Kiingereza: "Mama akachoka. Siku moja hakurudi tena. Sauti ya binti imebaki kisimani mpaka leo."

Nilidhani nimeizima. Astaghfirullah, nilitaka iwe hadithi mbovu, watu wapige makofi ya heshima waende zao. Lakini wote wakalia! Mwalimu akainuka, akamkumbatia dada, machozi yanamtiririka. Wanalia kwa maneno yangu, na wanamkumbatia yeye! Hata uovu wangu ulimpamba.

"Kumbe imewafurahisha hivi," dada akaniambia, naye macho yamemlowa. "Ile furaha ya mama na mwanawe, eh?"

"Eh," nikajibu.

Mwalimu akamwalika papo hapo. Msimu kama huu mwakani aende visiwani kwao, asimulie mbele ya wazee wa Kigaeli. Dada alikuwa hajui kusubiri! Kesho yake alikuwa akiuliza masweta yanauzwa wapi, na kama samaki wa huko wanaliwa na wali.

Siku ya kufunga tulikutana ukumbini Nizwa, jamaa wamealikwa. Mwalimu akasoma kwa Kiingereza hadithi alizoziandika, na ile akaitanguliza kwa jina kamili la mama yetu. Alikuwapo mjukuu wa dada, nitamwita Raya, mwanafunzi wa chuo. Kiswahili anakiweza cha kuungaunga, Kiingereza ndicho chake.

Mwalimu alipomaliza, Raya akamgeukia bibi yake. "Bibi, kwa nini yule mama hakurudi kisima? Siku zote unatuambia alirudi."

"Nani kasema hakurudi?"

"Yeye, mwalimu. Amesoma hivyo."

Dada akanigeukia. Ukumbi wote ukanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu, ndugu msomaji. Neno moja tu lingetosha!

Nikasema, "Labda mwalimu hakunifahamu."

"Hakukufahamu, au kajitungia?" Shemeji mmoja akadakia. "Hawa huchukua vyetu wakavigeuza."

Dada akasimama. Sijapata kumwona na hasira kama ile. "Mwambie! Mama yangu hakumwacha mtoto kisimani. Ndugu yangu huyu kashika kazi ya serikali umri mzima, hakosei hata nukta. Mwambie afute jina la mama yangu!"

Nikamwambia. Hayo niliyatarjumu sawasawa.

Mwalimu alinitazama. Alikumbuka alichosikia, na kutoka kwa nani. Angeweza kunivua nguo mbele ya ukoo wangu. Akasema polepole, "Ikiwa kurasa zangu zina kosa, mimi ndiye wa kuomba radhi." Akainamisha kichwa mbele ya dada, akazichana karatasi. Na hayo pia niliyatarjumu, lahaula, kwa Kiswahili safi!

Dada hakwenda kununua sweta. Mwaliko aliukataa. Raya akimwomba hadithi ile humjibu, "Khalas, hiyo imeshachezewa." Kila Ijumaa huniletea wali kwa mkono wake. Nikimwamkia, "Shikamoo dada," huitika, "Marahaba, mtetezi wangu!" Mtetezi! Nimefungua kinywa nimwambie mara nyingi, nikaishia kuusifu wali.

Nyinyi mnaowatarjumia wazee wenu hospitalini, mahakamani, kwa wageni: mzee anapokukabidhi maneno yake hana pengine pa kushika. Usitie lako. Ukiwa na donge, lisemee nje ya maneno ya mwenzio.

Dada, sasa umesoma. Yule mama alirudi kisimani. Wewe ulisema hivyo, na mimi ndiye niliyemzuia.

Kwa hiyo nadai, kwa maandishi na mbele ya wasomaji wote, nichukuliwe hatua. Wazee wa ukoo waniite katika ukumbi uleule, pamoja na wote waliohudhuria, na shemeji aliyemtuhumu mgeni akae mbele. Mwalimu asikie kutoka kwao, kwa kinywa cha Raya na si changu, ili pasiwe na shaka ya tarjuma. Niulizwe nilisema nini, na kwa nini nilinyamaza alipoinamisha kichwa. Mwalimu aombwe radhi kwa jina la ukoo mzima, na jina la mama yetu lirudishwe juu ya hadithi yake iliyo kamili. Adhabu yangu aipange Bi Zuwena peke yake. Sitakata rufaa.