Kikohozi Ndani ya Bomba

Mume wangu wanamwita Meno. Magari ya mashindano yalishakula masikio yake, basi hung'ata mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye bomba la eksozi, akasikiliza kwa mifupa. Namtania kwamba siku moja ataimeza.

Ubishi kazaliwa nao. Bomba la pembeni, lile linalopita chini ya mlango, yeye hulichomelea moja kwa moja kwenye bodi. Mafundi wenzake hutumia vishikio vya mpira, maana injini hutikisika na bomba lazima lipate pa kuchezea. Walimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mdogo wake aliendesha gari alilomchomelea hivyo. Bomba likapasuka kwenye maungio, moshi ukaingia ndani, shemeji yangu akafia kwenye usukani bila mkwaruzo. Watu wakasema ni moyo. Meno akanyamaza, nami nikanyamaza naye.

Wiki iliyopita binti yetu alileta gari lake la mashindano. Baba yake akamchomelea bomba vilevile. Nilikasirika, nikawafuata gereji.

Meno akazima injini, akang'ata bisibisi. Muda ukapita, haitoi mdomoni. Binti akamnyang'anya, akaing'ata yeye.

"Mama," akaniita, "mbona kuna mtu anakohoa humu?"

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Nikaichukua bisibisi, nikaing'ata nami, nikasikiliza. Kikohozi kile nilikijua: mara mbili, kifupi, kama shemeji alivyokohoa kila alipotaka kuniomba chai. Nikamrudishia Meno bisibisi yake.

"Ni baba yako mdogo," Meno akamwambia. "Nilimuua mimi, kwa ubishi wangu. Miaka tisa namsikia kwenye kila bomba ninalochomelea. Nikifunga mpira, hasikiki."

"Ndiyo ukaniwekea na mimi, baba?"

Binti akampa grenda. Meno akanitazama mimi, eti nimwokoe.

"Kata," nikasema.

Akakata. Akafunga mpira, akang'ata bisibisi, akasikiliza mpaka mate yakamdondoka. Kisha akalia kwa sauti, na siku ya mazishi hakulia.

Asubuhi yake alianza kuwapigia simu wateja warudishe magari. Yapo kumi na moja. Jana alikata bomba la tatu, na kabla ya kuwasha grenda nilimsikia akiliambia bomba, "Nisamehe, mdogo wangu."