Tiketi ya Lesiba

Zamani mtu wa mtaa wetu akiota ndoto aliipeleka bombani asubuhi tukagawana wote, na siku hizi anaichezea bahati nasibu kimya kimya kwenye simu, na sisi majirani ndio watu wa kwanza anaopanga kuwahama.

Nawasikia vijana wakiegemea ukuta wangu jioni. Nikishinda, nyumba yenye geti la umeme. Nikishinda, gari, safari ya Dubai, namba mpya ya simu ili msinipate. Sijawahi kusikia hata mmoja akitaja jina la mtu. Nami nilimjua mwanamke ambaye miaka nenda miaka rudi aliulizwa swali hilo hilo, ukishinda utafanya nini, na jibu lake halikubadilika.

Aliitwa Raisibe Maleka, alikaa hapa hapa Mamelodi, jirani na bomba, na alifua nguo za watu huko Pretoria. Mumewe, Lesiba, alikwenda Durban kupakua mizigo bandarini. Siku moja akateleza kati ya meli na ukuta wa gati, bahari ikamchukua isimrudishe. Mwenzake wa kazi alileta koti lake, akanywa chai, akaondoka. Raisibe akabaki na koti, bila maiti wa kuzika.

Kwetu mtu aliyefia mbali hajatulia mpaka afuatwe. Linakatwa tawi la mokgalo, ule mti ambao mwiba wake mmoja umenyooka mbele na wa pili umejipinda kurudi nyuma, linapelekwa pale alipoangukia, naye anaitwa kwa majina yake yote na kuambiwa: twende nyumbani. Akishaingia kwenye tawi ni mtu. Anakatiwa tiketi, anapewa kiti, anatajiwa kila mto unaovukwa asije akapotea. Anayelibeba hazungumzi na mwingine yeyote wala hajibu salamu, mpaka kwenye makaburi ya ukoo. Makaburi ya akina Maleka yako Ga-Matlala, kaskazini, siku nzima kwa basi. Na huko kunatakiwa mbuzi na pombe. Ujira wa kufua uliishia kwenye unga na kodi.

Basi akacheza fafi, bahati nasibu ya mtaani, kama sisi sote. Fafi ilikuwa na namba thelathini na sita, na kila namba ilikuwa na kitu chake: tatu ni maji ya bahari, nne ni maiti, na kuendelea, mpaka hapakuwa na ndoto isiyo na namba. Ulitia senti zako na namba yako kwenye kipochi, mkusanyaji akavibeba vipochi vya mtaa mzima, na adhuhuri Mchina mwenye benki ya mchezo, yaani mlipaji, mtu mkimya sana, alifika na gari lake akiwa ameshachagua namba. Mkusanyaji wetu alikuwa Mokgaetji, dada mkubwa wa marehemu Lesiba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Wakati wa kulingoja gari tulikaa kwenye makreti ya bia tukijenga kwa mdomo. Ndivyo tulivyoita.

"Mimi nanunua gari na dereva," Phuti fundi viatu alikuwa akisema. "Nakaa nyuma, nimefumba macho."

"Ukifumba macho utatuonaje tukikuonea wivu?" Mokgaetji akamuuliza.

"Dereva atanisimulia. Na wewe, Raisibe?"

"Tiketi mbili za kwenda, tatu za kurudi. Na mbuzi."

"Daraja la ngapi?" Alikuwa anajua. Sote tulijua, lakini tulipenda kulisikia.

"Mimi na wifi daraja lolote. Yeye akae dirishani."

"Tawi linaona nje?"

"Lesiba anaona. Alipenda kutazama ng'ombe wa watu na kuwatoa kasoro."

"Uongo huo," akasema Mokgaetji. "Ndugu yangu alikuwa akipanda treni tu, usingizi. Kinywa wazi."

"Wewe wifi ulimjua akiwa mtoto. Mimi nilimjua akiwa mtu mzima."

Lesiba alikuwa akimjia ndotoni, akisimama mlangoni na kudai koti lake. Kila alipokuja, Raisibe alicheza nne, namba ya maiti. Nne nayo ilikuwa ikitoka siku ambazo Lesiba hakuja.

Kisha, asubuhi moja ya baridi kali, alifika bombani na ndoo tupu, akaiweka chini bila kupanga foleni.

"Nimemwona. Safari hii hakuja mlangoni. Bahari yote imekuja hapa mtaani, imefika mpaka kwenye bomba hili. Yeye amesimama ndani yake, maji kiunoni. Hanitazami mimi. Anayatazama maji."

Mokgaetji alifunga bomba. Ndoto kama ile haiji kila mwaka.

"Hiyo ni tatu," akasema. "Maji ya bahari."

"Ni nne."

"Wifi, nisikilize. Mtu akikuonyesha kitu kwa macho, unakitazama kitu, huyatazami macho. Yeye hasemi, anakuonyesha. Tatu."

"Nimwache mume wangu amesimama pale, niende nikaweke senti zangu kwa aliyemuua?"

"Fafi siyo kanisa, mama," Phuti akamwambia taratibu. "Hakuna anayekuuliza unampenda nani."

"Najiuliza mwenyewe."

Akatia nne kwenye kipochi chake, akafunga uzi kwa meno. Sisi wengine tulicheza tatu. Mimi nilicheza tatu, Phuti alicheza tatu, hata mke wa mchungaji, ambaye siku zote alikuwa akipita tu, siku hiyo naye alipita na kipochi mkononi.

Adhuhuri gari likaja. Mokgaetji akainama dirishani, halafu akatugeukia. Namba ilikuwa ikitangazwa kwa mikono ili polisi wasijue, kwani fafi ilikuwa marufuku. Ikiwa maiti, alikunja mikono kifuani. Safari hii aliiacha mikono imening'inia, akawa anamtafuta Raisibe kwa macho. Alipomwona, ndipo mikono yake ikainuka polepole ikafanya mawimbi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtaa mzima ulikuwa umeshinda, na mwenye ndoto alikuwa amekaa kwenye kreti, mikono mapajani, kama mtu aliyepitwa na treni.

Sasa, kulikuwa na desturi. Ndoto ya mtu ikikushindishia, unamtolea mwenye ndoto sehemu. Haikuandikwa popote na hakuna aliyeikwepa. Mwaka jana kijana mmoja hapa alishinda kwenye simu. Tulijua siku tulipoona lori likipakia makabati yake.

Mokgaetji akaleta beseni. Phuti ndiye aliyetia kwanza, akatia pesa zote alizoshinda. "Gari lenyewe lingeharibikia njiani tu," akasema. Wengine tukafuata. Beseni likawekwa mbele ya Raisibe, naye hakunyoosha mkono.

"Hizo ni za bahari," akasema. "Siwezi kula kwenye meza ya bahari."

Mokgaetji akachuchumaa mbele yake, kwa shida, akishika magoti.

"Wifi. Kwetu mtu akiua mtu, inakuwaje?"

"Analipa."

"Na wenye marehemu wanapokea?"

"Wanapokea."

"Kwa kuwa wamesahau?"

Raisibe akatikisa kichwa.

"Hawajasahau. Wanapokea ili mtu wao alale. Mimi ndiye mkubwa wa Lesiba. Leo nimesimama pale dirishani nikaona bahari ikilipa fidia. Imechelewa, haina aibu, lakini imelipa. Ukiirudisha fidia unamwambia aliyeua kwamba hukumdai. Ndivyo unavyotaka tumwambie?"

Raisibe akalivuta beseni kwa vidole viwili mpaka likagusa miguu yake.

"Mbuzi anapatikana humo?"

"Mbuzi na pombe. Na mimi ndiye tiketi ya pili. Miaka yote umenipandisha treni, hujaniuliza hata mara moja kama naipenda."

Wakaondoka wiki ile ile, na tawi, na koti.

Waliporudi kutoka Durban walipita kwanza hapa, ili Lesiba aione nyumba yake kabla ya kupelekwa Ga-Matlala. Ilikuwa asubuhi. Mokgaetji alitangulia. Nyuma yake Raisibe, amelikumbatia tawi ndani ya lile koti, na miiba imetokeza nje ya kitambaa. Tulisimama milangoni. Phuti alivua kofia. Hakuna aliyesalimu, maana tulikuwa bado watu wa kujua lini mtu hasalimiwi.

Raisibe alikuwa akizungumza na tawi kwa sauti ya chini, ya nyumbani.

"Hili ndilo bomba, wamelisogeza kidogo. Huyu ni Phuti. Amepata kipara, usimshangae. Yule pale ni Ngoako, bado anasoma magazeti yaliyofungiwa nyama."

Ngoako ni mimi. Nilitaka kusema, karibu, Lesiba. Sikusema.

Mchana tuliwasindikiza kwenye basi la kaskazini. Kondakta alitaka kuweka sanduku la abiria kwenye kiti cha dirishani. Mokgaetji akamwonyesha tiketi ya tatu, kondakta akalitazama tawi, akaliondoa sanduku kwa mikono miwili na kuomba radhi. Raisibe hakurudi tena Mamelodi. Walisema amejenga chumba kimoja karibu na makaburi, na Mokgaetji akazikwa huko huko baadaye. Mara ya mwisho niliyowaona ni pale, nyuma ya kioo cha basi: Mokgaetji ameshasinzia, kinywa wazi, Raisibe katikati, na dirishani lile koti lenye miiba, naye ameliinamia, akilionyesha kitu nje kwa kidole.