Pete ya Milimita Saba na Nusu

Mtaani kwetu baba mkwe wangu aliitwa Mzee Milimita. Jina alipewa na muuza nyanya wa kona. Siku moja mzee alisimama mbele ya meza yake, akaishika, akamwambia mguu mmoja ni mfupi kwa milimita nne. Akaenda nyumbani, akarudi na kibao, akakichomeka, meza ikaacha kucheza. Tangu siku hiyo muuza nyanya akimwona humuuliza kama leo anataka nyanya za kilo au za milimita. Naye hujibu za milimita, maana kilo zako tunazijua.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kamera, na aliifanya miaka thelathini na moja. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa karakana. Kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe ili skrubu ndogo zionekane, na kabati la lenzi, kila lenzi imevikwa soksi ya mtoto isiingie vumbi. Pembeni ilikaa mashine ya kukereza vyuma, si kubwa kuliko cherehani. Simu zilipoanza kupiga picha, kamera zikaacha kuja. Akawa anakereza vipuri vya pampu na vishikio vya majiko. Hakulalamika, ila alikonda.

Mimi nilizoea kukaa naye mle ndani na binti yangu mchanga, kwa sababu chumba kile kina mwanga mzuri. Ndiyo maana niligundua kabla ya wengine. Alikuwa akiweka bisibisi mezani, kisha anaitafuta kwa vidole mahali ambapo haipo. Kikombe nikikiweka kulia kwake, anakipiga kiwiko. Nikampeleka kliniki, mtoto mgongoni. Muuguzi alimmulika, akasema presha ya macho imeshaliua jicho la kulia, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Kilichokwenda kimekwenda.

Tuliporudi alisimama njiani akanishika mkono.

"Mama, haya yaishie hapa hapa."

Nilikubali. Nilijua anaogopa nini. Mume wangu ni fundi bomba, na mwenzake kazini aliwahi kuvutwa mkono na mashine mbele ya macho yake. Tangu hapo alikuwa akimwambia baba yake kwamba siku macho yakigoma, mashine inaondoka siku hiyo hiyo. Hakusema kwa ubaya. Lakini mzee bila ile mashine angekuwa mtu wa kukaa kitini kungoja chakula, na yeye alikuwa akisema afadhali azikwe mapema.

Miezi minane tukaishi hivyo. Yeye akiwa mikono, mimi nikiwa macho. Alinifundisha kusoma kile kipimo cha kubana ambacho mafundi hukiita venia, chenye mistari mikubwa na midogo. Unatafuta mstari mdogo uliokutana sawasawa na mkubwa, hapo ndipo penye namba. Shule niliishia darasa la saba, na hesabu zilikuwa zinanitoa jasho, lakini venia niliipenda. Mume wangu akirudi, tulimwambia namba nilizosoma mimi amezisoma baba yake.

Ndipo akaja Mwalimu, mwanamke anayefundisha mambo ya nyota chuoni. Alileta kamera ambayo sijaona mfano wake. Ilikuwa mkebe mwekundu, haina kitufe wala kioo cha kuchungulia, inapoa yenyewe kama jokofu na inapiga picha kwa amri ya kompyuta. Mzee aliipapasa akacheka, akasema hiyo ni kamera ya mtu asiyetaka kuulizwa maswali. Pamoja nayo kulikuwa na gurudumu la filta, sahani bapa yenye vioo vitano vya rangi ndani, linalozunguka na kuleta kioo kimoja kimoja mbele ya kamera. Mbele ya vyote Mwalimu alitaka lenzi ya zamani, ndefu, kutoka kabati la mzee. Kilichokosekana ni pete ya kuviunganisha.

Alisema kuna nyota yenye mkia inakuja, itaonekana vizuri siku kumi tu, halafu hakuna kati yetu atakayeiona tena. Pete ikikubali, chuoni kuna lenzi nyingine nyingi za kufanyiwa hivyo, na yeye atamwombea mzee nafasi ya fundi kwenye maabara yao.

Mzee alipiga hesabu kwa sauti ili nami nielewe. Lenzi hii inatupa picha yake milimita arobaini na nne nyuma, si zaidi si pungufu. Kamera inakula kumi na saba na nusu, gurudumu linakula ishirini. Kioo cha filta nacho kinaisogeza picha nyuma milimita moja, nayo tuongeze. Inabaki saba na nusu. Huo ndio unene wa pete. Ikizidi, lenzi itaona vya karibu na vya mbali itavikosa, na hakuna cha mbali kuliko nyota.

Wiki hiyo alikuwa kama kijana. Alinyoa ndevu. Pete ya kwanza ilipinda, ya pili akaikata vibaya nyuzi za kufungia kwa kuwa hakuona kisu cha mashine kilipoanzia. Kikabaki kipande kimoja cha alumini.

Asubuhi ya pete ya tatu, kisu kilimchana kidole gumba. Alikifunga kitambaa akaendelea, damu ikachora mduara kwenye kitambaa na ikazidi kutanuka. Mashine ilikuwa inazunguka, yeye ameinamisha uso karibu nayo kana kwamba anainusa. Mara mbili mkono wake ulipita sentimita chache tu kutoka kwenye chuma. Binti yangu alikuwa miguuni pangu. Mzee akazima mashine, akanipa venia.

"Ngapi, mama?"

Niliisogeza dirishani. Ilikuwa saba nukta nane. Alikuwa bado na sehemu tatu za kumi za milimita za kukata, unene wa ukucha wangu. Nikatazama kile kitambaa. Nikamtazama mtoto miguuni. Moyo ukanilainika.

"Saba na nusu, Baba."

"Kamili?"

"Kamili."

Akaipuliza pete, akaisugua shavuni kusikia ulaini wake, akakaa chini. Nilijiambia ukucha si kitu. Nilijua kimebaki kiasi gani cha kukata, sikujua uzito wake.

Mwalimu alikuja Jumamosi mchana kuijaribu, na mume wangu alikuwa nyumbani. Walifunga kila kitu barazani, mzee akisikiliza nyuzi zikiingia, wakaelekeza lenzi kwenye mnara wa simu ulioko mlimani. Kwenye kompyuta mnara ulitokea kama umefunikwa moshi. Mzee akamwambia azungushe lenzi hadi mwisho.

"Nimefika mwisho, Mzee."

"Na kibao cha duka la kona?"

Mwalimu akageuza. Kibao kikaonekana hadi kutu ya misumari. Mzee hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alisema pete ni nene, akamwomba Mwalimu aifungue aipime mwenyewe.

"Saba nukta nane," akasema Mwalimu.

Baba mkwe aligeuza uso kunitafuta, akaangalia ukuta ulio pembeni yangu. Mume wangu akauliza nani alisoma kipimo. Mtoto alikuwa ananivuta kanga, nami nikainama kwake kana kwamba ananihitaji.

"Nilisoma mwenyewe," akasema mzee. "Macho yangu yameisha, mwanangu. Ni miezi minane sasa."

Mwalimu akasema taratibu kwamba ni kiasi kidogo tu, kinapunguzwa sasa hivi. Mzee akachukua pete, akaelekea ndani. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na mzee hakumwona. Alimgonga, akampapasa kifua kwa kiganja kama mtu anayetafuta komeo.

"Hapana, Baba," mume wangu akasema.

Pete ilipelekwa kwa mkerezaji wa mjini, akaimaliza haraka. Mashine ya mzee iliondoka Jumatatu, ikachukuliwa na mtu aliyekuwa akituletea kazi za pampu, na mafuta yake yakabaki kwenye saruji. Nafasi ya maabara haikutajwa tena.

Nilimweleza mume wangu ukweli. Akasema hata ningesoma sawa, siku moja tungeokota vidole. Pengine ni kweli. Nikaenda kwa mzee. Nilimkuta kitini, nikapiga magoti, nikaanza kueleza habari za damu, na kidole, na mtoto. Aliniacha nimalize.

"Vidole ninavyo kumi, mama," akasema. "Macho nilibakiwa na yako tu."

Hakunigombeza, hata siku moja. Anaendelea kuniita mama, anakula ninachopika, anambeba mjukuu wake.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alituma picha kwenye simu yangu. Nilikaa karibu na mzee nikamsimulia: kichwa cha kijani, mkia mrefu umeenda juu umechanika mara mbili, nyota nyingi kama chumvi iliyomwagika. Alisikiliza bila kutikisa kichwa. Kisha akauliza kama nyota za pembeni ni duara au zimevutika.

Nilikuza picha, nikakagua kona zote nne, moja moja.

"Za kulia ni duara, Baba. Za kushoto zimevutika kidogo."

"Basi pete haikukaa sawa. Yule wa mjini amekata upande." Akanigeukia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akageuza uso kuelekea uani, akamwita mwanawe aje aangalie.