Jembe la Navalayo Matangani

Navalayo alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na mtaa wake hapo Lurambi ulimpenda kwa maneno hayo hayo. Alipopendekezwa kuwa mwenyekiti wa kikundi cha mtaa hakuna aliyempinga, maana nani angethubutu? Alishona sare za shule katika kibanda cha mabati kando ya barabara, na cherehani yake ikinyamaza, ujue kuna mtu anasemwa.

Siku hizi mdomo huo umefungwa. Ukimuuliza kwa nini, atakutazama tu.

Mambo yalianza na maji. Mtaa wao umekaa bondeni, na mvua ya Kakamega haina simile. Ikinyesha, maji ya barabarani yaliteremka na uchafu wote wa vyooni, yakaingia jikoni kwa watu bila hodi. Mvua za mwaka juzi zilimlaza hospitalini Quinter, mjukuu wake, akihara hadi macho yakadidimia. Navalayo alikaa kando ya kitanda kile, akishika mguu wa mtoto uliobaki ngozi na mfupa, akaapa kwamba mtaro utachimbwa, wapende wasipende.

Basi kaunti ilipotangaza ruzuku za kuboresha mitaa, yeye ndiye aliyewakusanya watu na kuwasukuma hadi maombi yakafika ofisini. Sharti lilikuwa moja: kaunti italeta mawe, saruji na fundi, wakazi watachimba wenyewe. Afisa akija akikuta wameanza kazi, mradi umepita. Asipokuta kitu, ruzuku inahamia mtaa mwingine.

Njia ya mtaro ilikatiza katika shamba la jirani yao Khisa, nyuma ya jiko la mama yake, Kukhu Kageha. Watu walihofu familia hiyo ingekataa. Bibi kizee mwenyewe ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Pitisheni hapo. Kwani nitaenda na shamba kaburini?" Watu wakacheka, na Navalayo akamkumbatia mbele ya wote.

Wiki waliyopanga kuanza kuchimba, Kukhu Kageha akafariki.

Sasa, mgeni wa huku anahitaji kuelezwa jambo moja. Mtu akifa, majembe ya majirani hulala. Hakuna kulima wala kuchimba mpaka azikwe, na udongo unaoguswa ni wa kaburi lake tu. Hata vijana wa mjini, wanaojifanya mila wamewaachia wazee, hii wanaijua vizuri.

Mwili uliletwa nyumbani Alhamisi, mazishi yakapangwa Jumamosi. Alhamisi hiyo hiyo afisa wa kaunti, Kipngetich, alipiga simu kusema anakuja kesho.

"Tuna matanga, bwana," Navalayo akamwambia. "Tungojee Jumatatu, tafadhali."

"Pole sana, mama. Jumatatu tutakuwa tumefunga, mwaka wa fedha unaisha. Mimi nataka tu kuona mmeanza, hata kidogo."

Akaenda kwa Barnaba, mzee wa mtaa. Barnaba alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hatuchimbangi kama maiti iko kwa boma. Labda uende umuulize Khisa mwenyewe. Yeye ndiye ako na msiba."

Ushauri huo haukuwa na kasoro, na kwa Khisa hapakuwa mbali. Navalayo alifika mpaka kwenye geti. Hema lilikuwa limesimamishwa, wanawake wanaimba, na Khisa amekaa kando ya jeneza, mikono magotini. Hapo mwanamke asiyekosa neno akalikosa. Aliogopa. Khisa akisema hapana, mambo yamekwisha, hawezi tena kuchimba. Asipoulizwa, basi hajakataza. Ndivyo alivyojidanganya, na mimi simtetei. Akageuka, akarudi nyumbani.

Ijumaa asubuhi alichukua jembe peke yake. Alianzia mbali kabisa na boma la Khisa, lakini mtaa ni mdogo, na jembe likigonga mawe halina siri. Kule matangani wimbo ukakatika. Watu wakatoka mmoja mmoja kuja kumwangalia. Hakuna aliyemzuia wala kumtukana, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Elvis, mwanawe mwendesha boda boda, alisimama kando yake akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wachana na hii kitu. Unatuaibisha."

Aliinua jembe tena. Alikuwa analia, na alikuwa anachimba. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Kipngetich alifika, akapiga picha, akampa mkono wa pongezi na kuuliza wengine wako wapi. Alipoambiwa wako msibani, akasema mradi umepita, akaenda zake.

Baada ya mazishi kila nyumba ilichimba kipande chake, kwa bidii, bila kumsemesha mwenyekiti wao. Fundi akaja, mtaro ukajengwa. Mvua ziliporudi, maji yalipita humo hadi mtoni na hakuna jiko lililolowa. Quinter alinenepa. Lakini sare za watoto zilianza kupelekwa kwa mshonaji mwingine karibu na stendi, na kanisani wanawake walisogea mbali naye, wakimwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Ilimuuma sana.

Siku moja mvua ikinyesha, Khisa aliingia kibandani. Navalayo akasimama haraka hadi kitambaa kikaanguka.

"Khisa, baba, nisamehe," akasema kabla mwenzake hajafungua kinywa. "Mtoto angekufa. Na niliogopa utakataa."

"Ningekataa nini?" Khisa hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mama akiwa hospitali aliniambia, 'Hata nikienda, mtaro usisimame. Waambie wachimbe.' Hiyo Alhamisi nilikuona kwa geti. Nikasema, sasa anakuja kuniuliza. Nitabeba jembe langu twende pamoja, watu waone ni sisi wenyewe tumekubali. Halafu ukarudi."

"Mbona hukuniita?"

"Mwenye msiba haitangi watu, mama. Yeye anaendewanga."

Navalayo aliketi. Akaokota kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena.

"Mimi nimewaambia watu vile mama alisema," Khisa akaendelea. "Hawaamini. Wanasema nakufunikia makosa." Akavuta kofia juu ya macho, akatoka nje kwenye mvua, akaruka mtaro na kwenda kwao.