Ukuta Niliousainia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko. Nilipewa mti mrefu, nikaonyeshwa shimo la chokaa katika yadi ya idara yetu ya majengo ya kale, Bububu, nikaambiwa nikoroge. Chokaa tulikuwa tukiichoma wenyewe kwa mawe ya matumbawe ndani ya tanuu, kisha tunaizima, yaani tunaimwagia maji ikachemka na kufuka moshi, halafu tunailaza shimoni miezi na miezi mpaka ilainike kama samli. Mimi nilidhani nimeajiriwa kujenga. Nilikoroga hadi adhuhuri, chokaa ikaniunguza mkono, na kovu lake ninalo.

"Ikikurukia machoni usifikiche, osha kwa maji mengi," aliniambia Fundi Mkuu. "Na usinambie unataka mwiko. Siku ikifika ntakupa mwenyewe."

Alikuwa mtu wa Tumbatu, mfupi, mkali, na sikumbuki kumwona akicheka saa za kazi. Wanawake tulikuwa watatu katika kikosi kizima. Hakutupendelea wala hakutuonea, na kwa zama zile hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mji Mkongwe, kikosi cha mapaa. Huko tulipiga sakafu ya paa: unamwaga chokaa na kokoto juu ya boriti, kisha mnapanga mstari na kupiga kwa vijiti siku kadhaa mpaka ishikamane na isipitishe tone. Tuliimba ili vijiti viende pamoja, na wapita njia walisimama chini kutusikiliza. Nyinyi wa leo mnamimina zege kwa asubuhi moja na jioni mko nyumbani. Siwalaumu, lakini siku zile nilikuwa na furaha kazini, na sikupata tena furaha ya namna ile.

Kisha nikapelekwa kwenye Mnara. Nauita hivyo tu kwa sababu sisi mafundi tuliuita hivyo. Zamani juu yake zilipandishwa bendera za kutangaza meli. Sasa wageni hupanda kupiga picha. Hapo ndipo Fundi Mkuu aliponifundisha kugonga ukuta. Unakunja kidole, unagonga kwa kifundo, unasikiliza. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito, ya kushiba. Ulioachana na lipu yake hulia kama mtungi mtupu.

"Jiwe la matumbawe linakunywa maji masika na kuyatoa kiangazi," alisema. "Chokaa inaliacha lipumue. Ukilifunika kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, vinalila kimya kimya. Nje utaona uzuri tu. Umenfahamu?"

"Nimefahamu, Fundi."

Nilifahamu vizuri kabisa. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Fundi Mkuu alipostaafu, nikafanywa msimamizi, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika idara yetu. Siku moja Mkurugenzi akaniita.

"Bi Pili, wageni wakubwa wanakuja baada ya siku tisa. Upande wa kusini wa Mnara unatia aibu. Nautaka mweupe, na ukingo wa roshani ile ya juu uwe mzima."

"Siku tisa chokaa haitowahi, Mkurugenzi. Inatiwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina siku zake."

"Basi tia saruji."

"Mnara huu hautaki saruji."

"Mimi siulizi Mnara unataka nini. Utaifanya, au nimtafute mwengine?"

Nikasema, "Naam." Ningeweza kuwaambia kwamba niliogopa. Sikuogopa sana. Nilikipenda cheo changu, basi, na nilitaka kuonyesha kwamba nami ninaweza. Tulipiga saruji siku tano, ukutani na kwenye ukingo wa roshani, kisha nikaifunika kwa chokaa ya maji niliyoipaka mara tatu, kwa ustadi wangu wote, hata mimi mwenyewe nikitazama kutoka chini sikuweza kutofautisha. Katika kitabu cha kazi niliandika "lipu ya chokaa", nikatia saini.

Ijumaa ile Fundi Mkuu alipita akitoka msikitini. Akasimama, akainua uso, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwanafunzi wangu," alisema, "wallahi umenipita."

Nikamshukuru. Alifariki akiamini hivyo, nami nilikuwa miongoni mwa waliolia kwa sauti msibani.

Nimestaafu. Naishi Michenzani, ndani ya jengo la saruji tangu chini hadi juu, na sina ugomvi nalo, limejengwa hivyo. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Bwejuu akataka tuuone Mnara. Tukakata tiketi kama watalii. Miaka yote niliufanyia kazi ule Mnara kutoka nje, juu ya jukwaa. Kupita mlangoni kama mgeni nilikuwa sijapita. Nilipanda ngazi nikipumzika kila kona, nina fahari kidogo, namwonyesha mtoto wa dada yangu hiki na kile.

Kule juu, mtembeza wageni, bwana mmoja wa makamo mwenye maneno matamu, alikuwa akiwapanga watu kwenye roshani ya kusini, wameegemea ukingo, bahari nyuma yao.

"Egemeeni bila wasiwasi," aliwaambia. "Upande huu ndio imara kuliko pande zote. Ni chokaa ya asili."

Nikaugonga ukingo. Ukalia kama mtungi mtupu. Nikagonga pembeni yake, kisha chini, kote ni vilevile. Kwenye ufa mmoja kidole changu kiliingia hadi pingili ya pili, na kilipotoka kilikuwa kimejaa unga wa chumvi. Jiwe lote la ndani lilikuwa limekwisha. Watoto wa watu walikuwa wameegemea ganda.

Kesho yake nilikwenda kwa Afisa wa Majengo, binti mwenye adabu zake. Alinipa shikamoo, akanikalisha, akatafuta faili.

"Bi Pili, hapa pameandikwa chokaa. Na saini si yako hii?"

"Ni yangu. Nliandika uongo, mwanangu. Mle ndani mna saruji."

Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Labda unachanganya na jengo jengine? Ni zamani sana."

"Sichanganyi."

"Haya, tusiwafungie wageni sasa hivi. Msimu ukisha tutapeleka mtu agonge."

Msimu umekwisha mara mbili. Nimerudi, nimeandika barua, wameipokea na kugonga muhuri. Mkurugenzi wangu hayupo duniani, mafundi niliokuwa nao pia hawapo. Ushahidi pekee uliobaki ni mkono wangu, nao unasema chokaa.

Mwandishi wa kumbukumbu hutarajiwa kuwausia vijana wapende kazi. Mimi niliipenda, na sina wosia. Nilifanya kazi njema miaka mingi, na siku tano zimeila yote. Usiku na mchana naulaumu mkono huu, na lawama haijazuia kitu.

Sasa kila Jumamosi napanda Mnara. Mtembeza wageni amenizoea. Nilimweleza kuhusu saruji akacheka, akadhani naipenda bahari, akanipandishia kiti. Nakiweka mbele ya ukingo ule wa kusini, nakaa hapo tangu wanapofungua hadi wanapofunga. Wageni huniomba nisogee wapige picha. Sisogei. Wengine hukasirika, wengine hunipiga picha mimi.

Mnara unafunguliwa siku saba. Magoti yangu yanaweza Jumamosi tu.