Safu Tupu ya Mama Glasi

Saa nane mchana, siku ya Alhamisi, masufuria mawili ya maji yanachemka na Mama Glasi ameingiza pua ndani ya glasi ya thelathini na moja. Anavuta pumzi taratibu, anafumba macho, kisha anaitenga upande wa kushoto, peke yake, kama mtoto mtundu aliyetolewa nje ya darasa.

"Hii inanuka kabati," anasema. "Irudi majini."

Mtu mwingine akiinusa glasi ile haoni kosa. Ni kavu, inang'aa, haina hata alama ya kidole. Lakini linapokuja suala la pua, Mama Glasi hana mchezo, na glasi yenye harufu ya kabati haikanyagi meza yake.

Zipo sabini na mbili. Wanafunzi ni kumi na wawili, mvinyo ni wa aina sita, na kila aina ina glasi yake. Sabuni ni marufuku. Zinaoshwa kwa maji ya moto, zinapigwa mvuke, zinafutwa kwa vitambaa vya pamba alivyovichemsha mwenyewe tangu jana. Ikifika saa kumi na moja jioni lazima zote ziwe mezani, safu kwa safu, zisinuke chochote.

"Watu wanadhani kuosha glasi ni kuosha glasi," anasema huku akicheka. "Usione vyaelea, vimeundwa."

Ana miaka arobaini na saba na binti mmoja ambaye ameshaolewa. Ndiye mwajiriwa pekee wa chama kidogo kinachofundisha watu kuujua mvinyo, katika vyumba viwili vilivyo juu ya duka la miwani. Jina la Mama Glasi alipewa na wanafunzi wa kwanza kabisa, likamganda. Siku hizi hata mkwewe analitumia.

Chama hakiuzi hata tone. Walimu wanajitolea, wanachama wanalipa ada ya mwaka, na chupa zinatolewa bure na waagizaji kwa sharti moja: kinachobaki kisiuzwe wala kubebwa nyumbani. Kinamwagwa.

"Mwezi wa kwanza roho iliniuma," anakumbuka. "Namwaga huku naomba radhi. Sijui nilikuwa namwomba nani."

Wanafunzi nao hawanywi, ingawa majirani wa chini hawataki kuamini. Wanatazama rangi, wananusa, wanachukua funda dogo, wanalizungusha mdomoni na kulitema katika ndoo ndogo iliyo kando ya kila kiti. Halafu wanajaza fomu. Upande mmoja wa fomu ni harufu, upande wa pili ni ladha. Chupa zote zimevishwa mifuko ya karatasi yenye namba, asijue mtu anaonja nini.

Kati ya jiko la Mama Glasi na darasa kuna ukuta wenye dirisha la kupitishia vyombo. Kwa miaka kumi na mmoja amelisikiliza darasa kupitia dirisha hilo, mikono ikiwa majini. Amesikia somo la kwanza zaidi ya mara ishirini. Mwalimu akisahau neno, na siku hizi anasahau, sauti humjia kutoka jikoni.

Glasi zikirudi, kabla hazijaingia majini, yeye huzinusa. Alianza kwa udadisi tu. Baadaye akanunua daftari la shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa kama alivyoona kwenye fomu. Sasa ana madaftari tisa, yamefungwa kwa mpira na kupangwa juu ya friji.

Anayafungua kwa haya, kama mtu anayeonyesha barua za uchumba. Maneno ni yake mwenyewe. *Penseli iliyochongwa sasa hivi. Begi la shule la ngozi, siku ya kwanza ya muhula. Pasi ya moto juu ya pamba yenye unyevu. Tofaa lililosahaulika dirishani.*

Upande wa kushoto wa kila ukurasa umejaa hadi pembeni. Upande wa kulia, ule wa ladha, hauna hata nukta. Ni madaftari tisa, na safu hiyo ni tupu tangu ukurasa wa kwanza.

"Sijawahi kuonja," anasema. Hacheki tena. "Hata tone. Natamani, sikufichi. Kuna siku nashika glasi kitu kimebaki chini, kiasi cha kijiko, na natamani mpaka mate yanajaa. Si kulewa. Nataka tu kujua hiyo harufu ikifika mdomoni inasema nini."

Kinachomzuia ni mama yake.

Baba yake alikuwa fundi mwashi hodari na mlevi hodari zaidi. Familia iliishi kwa cherehani ya mama. Siku moja mama alirudi kutoka sokoni akakuta meza ipo, kiti kipo, cherehani haipo. Baba alikuwa ameibadilisha na kreti za bia, na mbili kati ya hizo alikuwa ameshazimaliza.

"Mama hakupiga kelele," anasimulia Mama Glasi. "Alinishika mkono, mimi nina miaka kumi na minne, akaniambia niape sitaweka kilevi mdomoni maisha yangu yote. Nikaapa. Nilikuwa na hasira kuliko yeye."

Miaka thelathini na mitatu imepita, na kiapo hakijavunjwa. Ilipobidi kutafuta kazi, akaikuta hii. Alimwambia mama yake kwamba anaosha vyombo "kwenye chama fulani cha elimu", maneno ambayo si uongo, ila pia hayakuwa kweli yote. Miaka minne ilipita kabla mama hajajua elimu yenyewe ni ya nini. Akanuna miezi miwili.

Huenda mambo yangebaki hivyo, kama Mwalimu asingepata mafua.

Mwalimu ni mfamasia mstaafu, mzee nadhifu mwenye sauti ya redio, na katika chama hiki neno lake ni sheria. Alhamisi moja mwaka jana pua yake iliziba kabisa. Badala ya kusema, akajikaza. Alipofika chupa namba nne aliinua glasi, akanusa asichokinusa, na kutangaza kwamba mvinyo huu una harufu ya msitu baada ya mvua.

Wanafunzi kumi na wawili wakainama na kuandika: msitu baada ya mvua. Mmoja aliongeza uyoga.

Glasi zilipopita dirishani, Mama Glasi alinusa ya kwanza, akasita. Akanusa ya pili, ya tatu, zote kumi na mbili. Hapakuwa na msitu wala mvua. Palikuwa na boksi la karatasi lililonyeshewa na kuachwa stoo.

"Harufu hiyo naijua," anasema. "Kizibo kikiwa kibovu kinauharibu mvinyo wote. Mwalimu mwenyewe alifundisha, nami nilikuwa hapa hapa naosha."

Alimsubiri wakati wa mapumziko, akamvutia kando ya sinki. "Mwalimu, unisamehe. Namba nne imeharibika."

"Imeharibika vipi?"

"Kizibo, Mwalimu."

Mzee alimtazama, akaitazama chupa, akapenga kamasi kwa nguvu bila mafanikio. Akamwita Katibu wa chama, mwanamke mwenye pua nzima. Katibu alinusa mara moja tu na kurudisha uso nyuma.

Lazima Mwalimu apewe sifa yake: hakumung'unya maneno. Alirudi darasani akasema, "Jamani, tufute namba nne. Mimi nina mafua na nyinyi mna adabu kupita kiasi. Mwenye pua yuko jikoni."

Chama hiki kina desturi moja. Kila mtihani unapofanyika, kiti cha kumi na mbili, kilicho karibu na dirisha la vyombo, huachwa bure kwa mtu asiyeweza kulipa. Walimu hupiga kura. Ada ya mtihani kwa Mama Glasi ni mshahara wa miezi mitatu na nusu, na hiyo ni baada ya kuongeza asubuhi mbili anazosafisha kliniki ya meno. Mwaka huu kura zote ziliangukia jina moja.

Katibu alipomletea habari, Mama Glasi alikaa chini, juu ya kreti ya chupa tupu.

"Nililia," anasema. "Halafu nikakumbuka mtihani una safu mbili. Nikalia upya."

Fomu yenye harufu peke yake haifaulishi mtu. Mwalimu alijaribu kumtafutia njia. "Unatema, mama," alimwambia. "Hakishuki kooni. Kiapo chako kiko salama."

"Mwalimu, mama hakuliapisha koo," alimjibu. "Aliniapisha mimi."

Majina yalitakiwa yafungwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Zilibaki wiki nne.

Mama yake sasa ana miaka sabini na mmoja, anaishi na bintiye katika vyumba viwili vya kupanga, na bado anashona. Cherehani yake ya sasa, ya kukanyaga kwa miguu, ameimiliki kwa miaka ishirini na minane na huifunika kwa shuka mbili kila anapomaliza kazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mama Glasi alizunguka siku tatu bila kusema. Siku ya nne alisema yote kwa pumzi moja, kuanzia mafua ya Mwalimu hadi kiti cha kumi na mbili.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye pindo. "Nataka nipaone hapo mahali," alisema.

Basi Alhamisi iliyofuata bibi huyo alipanda ngazi za duka la miwani akiwa ameshika ukuta, akakaa jikoni mbele ya dirisha, mkoba mapajani. Alitazama kila kitu. Aliwaona watu waliovaa vizuri wakinusa, wakitikisa vichwa, wakitema ndooni mmoja baada ya mwingine.

"Watu wazima na akili zao," alimwuliza Katibu kwa sauti ya chini, "wamekuja kutema?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

Bibi alifikiri. "Marehemu mume wangu wangemfukuza siku ya kwanza."

Katibu alicheka mpaka akatoka nje. Bibi hakucheka. Alikuwa amemgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama pale anaposimama siku zote, glasi puani, midomo ikitembea pamoja na maneno ya Mwalimu. Wale wa ndani waliinua glasi kwa funda la kwanza. Mama Glasi alishusha glasi yake na kuitia majini.

"Nilihisi ananiangalia," anasema Mama Glasi. "Sikugeuka. Ningegeuka ningeomba, na sikutaka kumwomba mbele za watu."

Kabla ya kuondoka, bibi aliuliza jambo moja tu. Kwa nini mle ndani hamkuwa na mtu anayenukia? Katibu alimweleza: manukato, mafuta ya harufu, nguo iliyofuliwa kwa sabuni kali, vyote vinaharibu pua za wenzako. Haviruhusiwi.

Ndiyo maana Mama Glasi hajajipaka manukato kwa miaka kumi na mmoja. Binti yake, siku alipoolewa, alimpa chupa ndogo ya manukato ya bei. Iko sandukuni, haijafunguliwa.

Wiki moja ikapita bila jibu. Ikapita ya pili. Nyumbani waliongea habari za kodi, za uzi, za jirani anayekohoa. Mama Glasi alirudi kwenye daftari la tisa, akaendelea kujaza upande wa kushoto. Anakiri kwamba alikuwa ameanza kutafuta maneno ya kumwambia Mwalimu kiti apewe mwingine.

"Ahadi ni deni," anasema. "Asingekubali, ningekaa kimya. Ningeumia, lakini ningekaa kimya."

Jumatano, siku mbili kabla majina hayajafungwa, mama yake alimwita chumbani. Alikuwa na utepe shingoni na pini midomoni.

"Simama nikupime."

"Unanipima nini, mama?"

"Mabega. Kuna mtu anakwenda kukaa mbele ya watu na gauni la jikoni?"

Alimpima mabega, kifua, kiuno, akamgeuza kama mtoto. Alipofika mgongoni, mahali ambapo binti yake hawezi kumwona uso, alisimama kidogo. "Mimi bado naogopa," alisema. "Usidhani siogopi." Kisha akaandika namba kwenye kipande cha gazeti.

Jina liliingia orodhani Alhamisi mchana, masufuria yakiwa bado yanachemka.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Kwa mara ya kwanza glasi za Mama Glasi zitaoshwa na mtu mwingine. Mwalimu amejitolea, na jambo hilo linamkosesha Mama Glasi usingizi kuliko mtihani wenyewe.

"Atatia sabuni," anasema. "Namjua. Akikosa wa kumwona atatia tone moja, aseme haidhuru."

Akifaulu, anatarajia kupanda ngazi inayofuata, na siku moja afundishe somo la kwanza, lile analolijua kwa moyo, kwa watu wasio na ada. Akifeli atarudi jikoni. Glasi zitakuwa zinamsubiri. Ila amenunua daftari la kumi, na mstari wa katikati ameshaupiga.

Gauni limekwisha. Ni la pamba, la buluu, lenye mifuko miwili. Juzi jioni mama yake alilitoa kwenye kamba, akalikunja na kumwekea mikononi.

"Nimelifua kwa maji matupu," alisema bibi. "Mara tatu. Nusa."

Mama Glasi aliingiza uso wote kwenye gauni, akavuta pumzi. Halikunuka sabuni. Halikunuka hata kabati.