Hirizi Niliyoichoma Uwanjani mwa Kanisa

Bado nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Binti yangu Koku, anayesoma chuo kikuu, alikuja likizo hapa Muleba. Nikifagia chumbani kwake nikakuta chini ya kitanda waya mrefu uliojisokota, umebandikwa vibonge vya nta vya rangi rangi. Damu ikanichemka. Ukimwi umetuzikisha ndugu, watu wanakimbilia kwa waganga, na mwanangu naye analeta hirizi kwenye nyumba ya sala! Sikumwuliza hata neno.

Jumapili baada ya ibada nikaibeba hadi uwanjani, akina mama wakawasha moto.

"Waitu, mpendwa wetu Mama Koku, choma kabisa!" wakapaza sauti.

Nikaitupa, nikamkemea shetani mpaka sauti ikakauka. Nta yote ikayeyuka.

Koku akaja mbio. "Mama! Hiyo ni kazi yangu ya mtihani, wiki ijayo wanaisahihisha!"

"Mtihani wa mganga gani?"

"Ni ribosomu, mama! Kiwanda kidogo cha kutengeneza protini kilichomo ndani ya bakteria. Waya ni RNA, uzi unaojikunja kuwa kiunzi cha kiwanda hicho, kila kibonge ni protini, nimekibandika pale inapoigusa RNA. Sindano za kifua kikuu anazochomwa baba zinampiga bakteria humo humo!"

"Sasa kwa nini uliificha?" nikafoka.

"Sikuificha. Niliikinga na kuku wako, wasidonoe nta."

Akauvuta waya motoni kwa kijiti, mweusi, mtupu, akaninyooshea mbele ya wote.

"Haya, mama. Nionyeshe kila protini ilikuwa inagusa wapi."